Kutoka Kikoa hadi Mnada: Historia Fupi ya Majina ya Intaneti

Neno kikoa lilikuwa na makao yake katika Kiswahili kabla ya kompyuta kubuniwa. Kula kikoa ni desturi ya watu kukubaliana kula pamoja kwa zamu: leo chungu kinainjikwa kwa huyu, kesho kwa yule, wala hakuna anayedai kwamba sinia ni lake peke yake. Zilipohitajika istilahi za mtandao, neno hili likachukuliwa, na anwani inayoitambulisha tovuti ikaitwa jina la kikoa. Ndugu wasomaji, katika makala haya nataka kuonyesha kwamba neno hilo linasimulia vyema mwanzo wa majina hayo, na kwamba neno jingine, mnada, ndilo linalosimulia yaliyofuata. Baina ya maneno hayo mawili limo swali linalowahusu washairi kuliko wanavyodhani: jina ni la nani?

Tuanze na enzi za sinia moja. Kompyuta zilizounganishwa katika ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, zilitambuliwa kwa majina yaliyoandikwa katika orodha moja tu. Orodha hiyo ilitunzwa na Elizabeth Feinler na wenzake katika taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park, California. Aliyetaka jina aliwaarifu, nao wakaliongeza. Wengine wote wakainakili orodha mpya. Mtandao ulipokua, orodha ililemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo tunaoutumia hadi leo, ambao kazi ya kutunza majina imegawanywa kwa ngazi badala ya kuachiwa mtunzaji mmoja. Tarehe 15 Machi 1985 kampuni ya kompyuta ya Symbolics ilisajili symbolics.com, jina la kwanza kabisa kusajiliwa chini ya .com.

Kusajili jina kulikuwa bure. Jon Postel, mmoja wa waasisi wa intaneti, aliandika Machi 1994, katika waraka uitwao RFC 1591, kwamba waliokabidhiwa ngazi za juu za majina ni wadhamini wa jamii. Kwa maoni yake, mazungumzo ya haki na umiliki hayakuwa na nafasi hapo. Lililostahili kuzungumzwa ni wajibu na huduma. Hiyo ndiyo lugha ya kikoa.

Lakini mwaka huohuo harufu ya soko ilikwisha kusikika. Mwandishi wa habari Joshua Quittner alisajili mcdonalds.com, na kisa chake akakisimulia katika jarida la Wired. Kampuni ya McDonald's ilipolitaka jina hilo, ililipata baada ya kukubali kuigharimia shule moja ya New York iunganishwe na intaneti. Wengine waliokisoma kisa hicho hawakuona mzaha, waliona biashara. Septemba 1995 kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na dhamana ya usajili, ikaanza kutoza dola 100 kwa miaka 2. Tangu hapo jina likawa na kodi, na kila chenye kodi huja siku kikakosa kulipiwa.

Mfano unaojulikana sana ulitokea Desemba 1999. Microsoft, pamoja na utajiri wake wote, ilisahau kulipia passport.com, jina ambalo watu wa Hotmail walilitegemea kuingilia katika baruapepe zao. Huduma ikayumba wakati wa Krismasi, hadi mtaalamu mmoja wa programu, asiye mwajiriwa wa kampuni hiyo, alipotoa dola 35 zake akalilipia. Huyo alikuwa mwema. Angalikuwa mwingine, hadithi ingalikuwa nyingine.

Jina la .com likipitisha siku yake halifi papo hapo. Msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45 akimngoja mwenyewe. Akilifuta, hufuata siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5 ambazo hakuna anayeweza kuligusa. Baada ya hapo huachiwa, na mwenye kuwahi hulipata. Kuwahi huko si kwa vidole vya binadamu: zipo kampuni ambazo kompyuta zake hupeleka maombi mfululizo katika sekunde ileile ya kuachiwa. Wateja kadhaa wakilitaka jina moja, hushindanishwa. Siku hizi majina mengi hayafiki hata huko, kwa kuwa wasajili huyanadi wenyewe ndani ya kile kipindi cha kungoja.

Kunadi na mnada ni maneno yaliyotoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuita kwa sauti. Mnadi wa zamani aliita bei ya bidhaa. Katika mnada huu bidhaa yenyewe ni mwito, yaani lile neno ambalo watu hulitumia kumwita mtu na kumfikia. Wala hila za mnada hazikukosekana. Mwaka 2009 kampuni ya SnapNames ya Marekani ilitangaza kwamba mfanyakazi wake alikuwa ameshiriki minada yake kwa jina la bandia tangu 2005, na bei zikapanda kwa ajili yake. Kampuni iliahidi kuwarudishia wateja tofauti ya bei pamoja na riba.

Majina yalipopata bei, mashauri yakafuata. Mwaka 1999 ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti, liliidhinisha utaratibu wa usuluhishi ujulikanao kama UDRP. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Uamuzi wa kwanza, wa Januari 2000, ulihusu shirikisho la mieleka. Miezi michache baadaye zamu ya waandishi ikafika.

Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Jeanette Winterson, alikuta jina lake limesajiliwa chini ya .com, .net na .org na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa majina ya waandishi wengine wengi. Mei 2000 Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, lilimpa Winterson ushindi. Jina lake halikuwa limesajiliwa kama alama ya biashara, lakini hoja iliyoshinda ni kwamba kazi zake zilikuwa zimelipa hadhi hiyo machoni pa wasomaji. Yaani vitabu ndivyo vilivyokuwa hati ya jina.

Mwanamuziki Sting hakuwa na bahati hiyo. Alipolidai sting.com mwaka huohuo, alishindwa. Sting ni neno la kawaida la Kiingereza, lenye maana ya mchomo kama wa nyuki, na aliyelishikilia alijitetea kwamba naye alikuwa akijiita hivyo mtandaoni. Kwa mpenzi wa lugha, uamuzi huu una uzito. Unasema kwamba umaarufu haumpi mtu funguo za kamusi: neno la wote hubaki la wote, hata akilivaa mwenye sauti kubwa kiasi gani.

Mahakama nazo zilitakiwa zitamke kama jina ni mali. Gary Kremen alisajili sex.com mwaka 1994. Mwaka uliofuata Stephen Cohen akalitwaa kwa barua ya kughushi iliyopelekwa kwa msajili. Kremen alishinda kesi na kutunukiwa dola milioni 65, lakini Cohen alikuwa ameikimbia Marekani. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Mkoa wa Tisa ikaamua kwamba jina la intaneti ni mali inayoweza kuibwa, ikalifananisha na kiwanja kilichoandikishwa kwa msajili wa ardhi.

Kwa maoni yangu, mfano huo wa kiwanja ni nusu ya ukweli. Aliyenunua kiwanja hatakiwi kukinunua tena, lakini hakuna awezaye kulilipia jina la .com kwa zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo mmoja. Sheria humlinda mwenye jina dhidi ya mwizi na dhidi ya mwenye nia mbaya. Haimlindi dhidi ya usahaulifu wake mwenyewe. Ndiyo maana nasema tumekodi, hatujanunua.

Hapa ndipo linapotufika sisi. Katika tenzi zetu, mtunzi hulitaja jina lake katika beti za mwisho, pengine pamoja na mji wake na mwaka wa kutunga. Jina hilo halina kodi, na mnakili akilihifadhi shairi amelihifadhi na jina. Shairi lililowekwa katika tovuti halina ulinzi huo. Nimefuata viungo vya mashairi nilivyoviandika katika daftari langu miaka iliyopita, na baadhi vimenifikisha kwenye kurasa za kamari. Mashairi hayapo, lakini jina lipo vilevile. Mnunuzi hakulitaka kwa uzuri wake. Alitaka viungo ambavyo walimu, wanafunzi na wapenzi wa lugha walikuwa wameelekeza hapo, na ile imani ambayo mitambo ya utafutaji huipa anwani kongwe. Kilichonadiwa ni heshima iliyojengwa na washairi, nao hawakupata hata senti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chama cha washairi chenye tovuti kijiulize leo: jina limesajiliwa kwa nani? Tarehe yake ya mwisho ni ipi? Ilani za msajili huenda katika baruapepe ya nani, na je, huyo bado yu hai na bado anaifungua? Mara nyingi jina huwa limeandikwa kwa kijana mmoja aliyejitolea, akahama au akafariki, na siri ya kuingilia ikaondoka naye.

Dawa yake iko ndani ya neno tulilopewa. Tarehe ijulikane na wote, siri ishikwe na zaidi ya mmoja, na malipo yaende kwa zamu, mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Hivyo ndivyo kikoa huliwa.