Miaka 116 Walichunguza Asali, Wakasahau Nyuki

Shuleni tulipewa hadithi fupi: mwaka wa 1928 Alexander Fleming anarudi kutoka likizo, anapata ukungu umeua bakteria kwa kisahani chake pale London, na hapo ndipo binadamu anaanza kupigana na viini. Si uongo. Lakini wasee, kabla ya 1928 kidonda kilikuwa kinapakwa nini?

Asali, mara nyingi. Kuna hati ya matabibu wa Misri ya karibu mwaka wa 1600 kabla ya Kristo. Inaitwa Edwin Smith, jina la Mmarekani aliyeinunua Luxor mwaka wa 1862. Aliyeiandika hatumjui, mnunuzi ndiye tunamjua, si unaona vile mambo huenda. Inasema kidonda kifungwe na nyama mbichi siku ya kwanza, halafu kila siku mafuta, asali na nyuzi mpaka kipone. Ya nyama tuachane nayo. Ya asali imesimama miaka 3,600.

Maabara zilifika polepole. Mwaka wa 1892 Mholanzi mmoja, van Ketel, aliripoti kwamba asali inazuia bakteria. Mwaka wa 1937 Dold na wenzake, Ujerumani, wakaipa hiyo nguvu jina, inhibine, bila kujua ni kitu gani. Ni mpaka 1963 ndio Jonathan White, Marekani, akaonyesha ni haidrojeni peroksaidi. Ndiyo, ile ile ya kemisti inayotoa povu ukimwagiwa kwa kidonda. Nyuki huacha kimeng'enya ndani ya asali. Asali ikiwa nzito kimelala, ikichanganyika na maji ya kidonda kinaamka na kuanza kutengeneza peroksaidi kidogo kidogo. Halafu kuna sukari inayowanyonya bakteria maji, na uchachu wasioupenda.

Lakini 1963 nani alijali? Penisilini ilikuwa imeteka dunia tangu Vita vya Pili. Asali ikarudishwa kwa shosho.

Baadaye ikaibuka New Zealand. Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato alipata kwamba asali ya manuka, hata ukiitoa peroksaidi, bado inaua bakteria. Mwaka wa 2008 watafiti wa Dresden wakataja sababu: methiliglioksali. Manuka ikawa biashara kubwa.

Sasa ona kitu. Sukari, peroksaidi, methiliglioksali. Wote hao waliitazama asali kama kemikali imekaa kwa chupa. Mwaka huo huo wa 2008, Tobias Olofsson na Alejandra Vásquez wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walitoa kazi iliyoenda kwa nyuki mwenyewe. Waliangalia tumbo la asali, kile kifuko nyuki anabebea maji matamu ya maua akirudi mzingani. Ndani wakapata bakteria hai, wakiwemo Lactobacillus, ukoo mmoja na wale wanaogandisha mala. Mwaka wa 2014 wakaonyesha kwamba aina 13 za bakteria hao, kwa maabara, zinazuia viini sugu vya hospitali, hata MRSA inayodharau antibiotiki nyingi. Wakachanganya bakteria hao na asali, wakapaka farasi 10 wenye vidonda vilivyokataa kupona. Vyote vikapona.

Farasi 10 si sababu ya kutupa dawa ulizoandikiwa na daktari. Na mtoto hajamaliza mwaka hapewi asali kabisa, inaweza kubeba vijimbegu vya botulizimu. Lakini usugu wa bakteria uliua watu milioni 1.27 moja kwa moja mwaka wa 2019, kwa hivyo hii si stori ya urembo.

Tena kuna shida moja ambayo matangazo hayasemi: hao bakteria huishi kwa asali mbichi, wiki chache tu. Ikiiva na kukauka wanakufa. Ile chupa ya supamaketi, iliyopashwa moto, ikachujwa, ikakaa miezi kwa rafu, haina hata mmoja aliye hai. Akikuuzia mtu ati ina probayotiki, muulize ilitoka mzingani lini.

Wanaokula asali ikitoka mzingani tuko nao hapa hapa. Waogiek wa Mau huweka mizinga ya magogo juu ya miti, na kwao asali ni chakula, ni dawa, ni sehemu ya mahari. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza msituni, na mwaka wa 2022 ikaagiza walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Novemba 2023 wakafukuzwa tena, nyumba zikabomolewa. Nyuki wa Lund walipata watu wa kuwapasua tumbo na kuandika walichokiona. Wa Mau wamebaki juu ya miti, na mwenye mzinga haruhusiwi kupanda.