Karura: Nani Alikuwa na Haki ya Kuugawa Msitu?

Kabla tingatinga la kwanza halijaingia Karura mwaka 1998, msitu ule ulikuwa umeshakatwakatwa kwenye karatasi. Ni msitu wa hekta elfu moja na kidogo, kaskazini mwa Nairobi, uliozungukwa na Muthaiga, Gigiri, Runda na vijiji vya mabanda kama Huruma na Githogoro. Zaidi ya nusu yake ilikuwa imegawiwa kampuni binafsi zaidi ya 60 ili zijenge nyumba za kifahari. Wananchi hawakuulizwa, walijua mambo yameharibika walipoona miti inaanguka. Masimulizi ya baadaye yamelifanya tukio hilo kuwa kisa cha miti na mwanamke jasiri aliyeipanda, na Wangari Maathai anastahili kila sifa aliyopewa. Hata hivyo, ukiyafuata mambo hatua kwa hatua, utaona kwamba swali lililowatoa watu majumbani mwao lilikuwa swali la mamlaka: mali ya wote inagawanywa na nani, kwa idhini ya nani, na kwa utaratibu gani? Naamini msitu uliokolewa kwa sababu swali hilo liliulizwa waziwazi, na watu wakakataa kuondoka mpaka lijibiwe.

Swali lenyewe ni la zamani kuliko kampuni hizo. Kabla ya utawala wa Waingereza, ardhi ya Kiambu ilimilikiwa na mbari, yaani koo za Wakikuyu, kila moja na githaka chake chenye mipaka iliyojulikana, na wazee waliohesabu nani ana haki ya kulima, nani ni mpangaji, na kichaka kipi hakiguswi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1915 ilifuta hesabu hiyo kwa kuitangaza ardhi yote ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua katika kesi ya Wakikuyu wawili waliogombea shamba kwamba wenyeji ni wapangaji tu wa Mfalme, na anaweza kuwaondoa apendapo. Miaka 11 baadaye, mwaka 1932, Karura ikatangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali. Sehemu kubwa ya miti ya asili, mihuhu na mingineyo, ikafyekwa na mahali pake ikapandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni ya mbao na kuni. Katika miaka ya 1950 mapango ya Karura yaliwahifadhi wapiganaji wa Mau Mau, watu waliokuwa wakidai ardhi ileile iliyochukuliwa kwa tangazo. Kwa hiyo msitu huu tangu kuzaliwa kwake katika sheria umebeba kasoro: ulifanywa wa umma na serikali ambayo umma haukuichagua.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mamlaka ya Mfalme yalihamia kwa Rais karibu bila kupunguzwa. Sheria ya Ardhi ya Serikali ilimruhusu kugawa ardhi ya serikali ambayo haijamilikishwa mtu. Misitu iliyotangazwa ilikuwa na kinga kidogo zaidi: kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya wakati huo, waziri aliyetaka kumega msitu alipaswa kutangaza nia yake katika Gazeti Rasmi la Serikali na kusubiri siku 28. Siku 28 ni chache, na Gazeti Rasmi halisomwi vijijini, lakini angalau palikuwa na mlango ambao mwananchi angeweza kuugonga. Baada ya vyama vingi kurudi mwishoni mwa 1991, siasa ikawa ghali na ardhi ya umma ikageuka sarafu ya kununulia utiifu. Viwanja vya shule, vyoo vya masoko, hifadhi za barabara, makaburi, vyote vilipata hati miliki zenye majina ya watu. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa 2003 kuchunguza uovu huo, ilikadiria baadaye kwamba hati zilizotolewa kinyume cha sheria tangu wakati wa uhuru zilifika takriban 200,000. Wakenya hawakuhitaji tume ili kujua hilo. Walikuwa wakiliona kila mara uzio wa mabati unapochomoza usiku katika kiwanja cha mpira.

Ndiyo maana Karura haikuwakuta watu wasiojiandaa. Mwaka 1989 Maathai na chama chake cha Green Belt Movement, alichokianzisha mwaka 1977, walikuwa wamepinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Walitukanwa bungeni na majukwaani, lakini wafadhili wa kigeni wakaingiwa na wasiwasi na jengo halikujengwa. Katika miaka ya 1990 taasisi ya Mazingira iliendesha kampeni ya Operation Firimbi, iliyowahimiza wananchi kupiga firimbi, yaani kutoa taarifa, kila wanapoona ardhi ya umma ikinyakuliwa. Wakenya walikuwa wamejifunza kuuliza namba ya kiwanja, jina la kampuni na tarehe ya hati. Kwangu hili ndilo jambo linalopuuzwa mno katika historia ya Karura. Barua ya Maathai kwa Mwanasheria Mkuu mwaka 1998 na madai ya wabunge kwamba orodha ya waliogawiwa itolewe vilitangulia miche. Miche yenyewe, ilipopandwa katika vipande vilivyokwishafyekwa, ilikuwa njia ya kutangaza kwamba ardhi ile bado ina mwenyewe.

Oktoba 1998 waandamanaji, wakiwamo wabunge wa upinzani, waliingia eneo la ujenzi, na mitambo ya wajenzi ikachomwa moto. Hilo lisifichwe. Kuchoma mali ni kosa, na liliipa serikali kisingizio cha kuwaita wahuni watu waliokuwa na hoja. Lakini kipimo cha nguvu iliyotumika hakikuwa sawa pande zote. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alikwenda kwenye lango la msitu kupanda mti, akifuatana na wabunge, waandishi wa habari na wanamazingira wa kigeni. Walinzi wapatao 200, wenye mapanga, rungu na mijeledi, waliwashambulia huku polisi wakiwa hawaonekani. Maathai alipasuliwa kichwa, na alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa akaitia sahihi kwa damu yake. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, alilaani shambulio hilo, na haikuwa rahisi kumpuuza kwa kuwa makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, yako Gigiri, ukingoni mwa msitu wenyewe. Mwishoni mwa mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa, na vyuo vikafungwa. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma. Tangazo halikutaja miti pekee. Liligusa mamlaka yenyewe ya kugawa, na hapo ndipo mgogoro ulipokuwa umelenga tangu mwanzo.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba jiji lazima likue. Sensa ya 1999 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1 Nairobi, ile ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Watu hao wanahitaji mahali pa kulala, na msitu hauwezi kuwa mtakatifu kuliko mtoto anayelala chumba kimoja na watu saba. Hoja hii ina uzito, na mtu yeyote anayetetea hifadhi bila kuijibu hatendi haki. Lakini ilitumiwa Karura kama vazi la kuazima. Nyumba zilizopangwa hazikuwa za mkazi wa Mathare wala Korogocho. Zilikuwa za watu wenye magari mawili, katika eneo lenye bei ya juu kabisa mjini, kando ya balozi. Laiti nia ingekuwa makazi ya wananchi, pangekuwa na mpango wa jiji, masharti ya bei, barabara na maji taka, na tangazo la wazi la nani anaweza kuomba. Hakukuwa na lolote kati ya hayo. Ugawaji wa siri haupunguzi uhaba wa nyumba. Unapandisha bei ya viwanja na kumtajirisha anayeuza hati kwa mwenzake kabla hata ya kuchimba msingi, jambo lililotokea mara nyingi katika miaka ile. Nairobi ilikuwa na bado ina maskini wanaobanana kwenye sehemu ndogo sana ya ardhi yake, na tatizo hilo linatokana na mgawanyo wa ardhi ya mji wenyewe. Kuumega msitu kusingewapa hao hata chumba.

Wengine wanasema Karura iliokolewa kwa ajili ya matajiri wa Muthaiga na Runda, ambao leo wanakimbia asubuhi chini ya miti na kuona bei ya nyumba zao ikipanda. Ni kweli kwamba majirani hao wamefaidika, na ni kweli pia kwamba Runda yenyewe ilisimama juu ya mashamba ya kahawa ya zamani. Lakini ukitazama waliopigwa mwaka 1999, huwaoni hao mstari wa mbele. Unawaona wanawake wa vikundi vya miche, wanafunzi wa mikopo, wanasiasa wa upinzani na vijana wasio na kazi. Faida za msitu pia haziishii getini: mito inayopita humo, Ruaka, Karura na Gitathuru, huteremka kuelekea mashariki mwa jiji, na mvua inayofyonzwa na udongo wa msitu haiwi mafuriko katika vibanda vya bondeni. Baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 kuruhusu vyama vya jamii kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, msitu ulizungushiwa uzio wa umeme, ukafunguliwa kwa umma mwaka 2011, na vijana wa Huruma, ambao baadhi yao walikuwa wakikata miti kinyemela, wakaajiriwa kuulinda. Mahali palipoogopwa kwa wizi na maiti pakawa pa kutembea kwa ada ndogo. Ada hiyo, hata hivyo, ni mzigo kwa jirani maskini kuliko kwa jirani tajiri, na mzozo uliozuka 2025 kuhusu nani akusanye fedha za langoni ulionyesha jinsi ushirikiano huo ulivyo dhaifu wizara inapobadilisha mawazo.

Kipingamizi kigumu kuliko vyote ni kile cha mbari. Kama Karura iliporwa na wakoloni, kwa nini tuitetee hadhi iliyotokana na uporaji huo? Mjukuu wa familia iliyofukuzwa kwenye githaka chake ana haki ya kuuliza hivyo, na Tume ya Carter, iliyosikiliza madai ya Wakikuyu katika miaka ya 1930, haikumpa babu yake jibu la kuridhisha. Sioni namna ya kulipita swali hili kwa maneno matamu. Ninachoweza kusema ni kwamba ugawaji wa miaka ya 1990 haukurudisha hata kipande kimoja kwa mbari. Ulitumia kosa la 1915 kutenda kosa jipya: kwa kuwa mkoloni alikuwa ameikabidhi serikali ardhi ya watu, wakubwa wa serikali wakajiona warithi wa Mfalme na si wa watu. Aliyepoteza shamba mara ya kwanza alipotezewa tena, safari hii hata kivuli na kuni. Kuubakiza msitu mikononi mwa umma ndiyo hali pekee inayoacha nafasi ya dai lake kusikilizwa, maana kilichokwisha kuuzwa mara tano na kujengwa ghorofa hakirudishwi na mahakama yoyote. Wenye uzoefu wa wakfu kule pwani wanaijua kanuni hii vizuri: mali iliyowekwa kwa ajili ya wengi husimamiwa na mdhamini, na mdhamini hawezi kuiuza, hata kama anashika funguo.

Kanuni hiyo iliingia taratibu katika sheria za Kenya, na Karura ilikuwa miongoni mwa sababu. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilipendekeza hati za misitu iliyomegwa kinyume cha sheria zifutwe. Sheria ya 2005 ikaondoa mamlaka ya waziri peke yake na kutaka mabadiliko ya mipaka ya msitu yapitishwe na Bunge. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi: kifungu cha 62 kinaitambua misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, na kifungu cha 40 kinasema wazi kuwa ulinzi wa mali binafsi hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kwa maneno mengine, hati miliki peke yake haitoshi tena kuwa jibu. Mwenye hati anaweza kuulizwa aliipataje. Kisha ukaja mswada wa 2021 wa kurekebisha sheria ya misitu, uliotaka maombi ya kubadilisha mipaka yafike bungeni bila kupitia kwanza uchunguzi na pendekezo la Shirika la Huduma za Misitu. Watetezi wa Karura na Green Belt Movement waliupinga, na haukupita. Safari hiyo hakuna aliyelazimika kwenda langoni na mche mkononi. Mabishano yalifanywa kwa barua, magazetini na mbele ya wabunge, juu ya kifungu kimoja tu cha sheria.