Shituru, Mto Panda na Bakteria wa Tope Jeusi

Uchafuzi wa maji ya Likasi, mji wa Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haukuletwa na uchimbaji wa shaba wenyewe, kwa kuwa Wasanga, wenyeji wa huko, walichimba na kuyeyusha shaba katika nchi hiyo muda mrefu kabla ya Wabelgiji kufika, bali uliletwa na asidi. Matanuri ya Lubumbashi, yaliyowashwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1911, yalitaka mawe yenye shaba nyingi, na mawe hafifu yakasubiri hadi mwaka 1929, kiwanda cha Shituru kilipoanza kazi kwenye mji huo, ulioitwa baadaye Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot. Huko Shituru malakiti, yaani jiwe la kijani ambamo shaba imeungana na kaboni na oksijeni, ilisagwa na kulowekwa katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Shaba ikayeyukia humo, kisha umeme ukapitishwa ndani ya matangi hadi shaba safi ikaganda juu ya mabamba.

Umeme wa viwanda hivyo ulitoka Mwadingusha, kwenye Mto Lufira, ambako bwawa lililoanza kazi mwaka 1930 lilizaa Ziwa Tshangalele. Ziwa hilo, lililotengenezwa ili viwanda vipate nguvu, ndilo lililokuja kupokea uchafu wao, kwa sababu maji yanayotoka Shituru huingia Mto Panda, yakafuata Mto Buluo, yakajiunga na Lufira na kutua ziwani, yakiwa yamebeba shaba, kobalti, zinki, manganizi na salfeti, ambayo ni chumvi inayobaki asidi ya salfuriki ikishamaliza kazi. Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi, na mwaka 1967 mali za Union Minière zikataifishwa, zikaishia mikononi mwa kampuni ya serikali ya Gécamines. Bendera na majina yalibadilika, lakini mkondo wa maji haukubadilika. Dunia inaukumbuka mji huu kwa mapigano ya Septemba 1961, wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa hapo, na mapigano hayo yamefanyiwa hata filamu. Mto Panda haujapata bahati hiyo.

Gharama ya uchafuzi huo ilianza kuandikwa kwa tarakimu baada ya mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipopima maji, tope, mimea na samaki wa bonde la Lufira ya juu na kukuta metali zimepanda katika mnyororo wote wa chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima mkojo wa watu 351 katika maeneo ya Katanga, ulionyesha kwamba waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda walikuwa na kobalti mwilini kwa kiwango kilichozidi sana kile cha watu wa mbali.

Kuhusu kutumia vijidudu, yaani viumbehai wasioonekana kwa macho, kusafisha uchafu wa namna hii, yapo maelezo mengi mepesi ambayo hayaifai Likasi. Mafuta yanapomwagika, kama yalivyomwagika pwani ya Alaska mwaka 1989, bakteria wanaweza kuyala na kuyageuza kuwa hewa na maji, na wanadamu waliwasaidia huko kwa kuwanyunyizia mbolea. Metali hailiki hivyo, kwa kuwa shaba ni elementi na haivunjiki kuwa kitu kingine; kijidudu hakiwezi kuiangamiza, ila kinaweza kuibadilisha hali, iwe ni kuiyeyusha au kuigandisha, na swali lote ni wapi na lini jambo hilo linafanyika.

Kundi linaloihusu Shituru moja kwa moja ni bakteria waliogunduliwa na Mholanzi Martinus Beijerinck mwaka 1895, ambao hawataki oksijeni na badala yake huvuta salfeti kama wanadamu wanavyovuta hewa. Wakiwa ndani ya tope lenye majani yaliyooza hula mabaki hayo na kutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka kama mayai viza mtu akichokoa tope la kinamasi kwa mti. Gesi hiyo ikikutana na shaba au zinki iliyoyeyuka huungana nayo papo hapo, na kinachotokea ni vumbi jeusi laini linalozama chini, wakati maji yaliyo juu yanapungua ukali wa asidi. Kazi hiyo inaweza kufanyika bila malipo katika matete ya kila kinamasi kinachopokea maji ya salfeti, ila ina mipaka yake: asidi ikizidi bakteria hudhoofika, chakula kikipungua husimama, na mvua za masika zikilichafua tope na kuliingizia oksijeni, metali iliyofungwa inaweza kufunguka tena. Kwa hiyo kuutegemea mto ujisafishe ni kosa. Bakteria hao wanafaa zaidi wakiwekwa ndani ya tangi, kabla maji hayajauona mto.

Mfano wa Afrika Mashariki upo Uganda, ingawa huko vijidudu vilifanya kazi ya kinyume. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulipofungwa uliacha Kasese lundo la karibu tani milioni 1 za pairiti, yaani chuma kilichoungana na salfa, yenye kobalti ndani yake, na mvua ikawa inalimomonyoa na kulipeleka kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ililitia lundo hilo katika matangi yenye joto la takriban nyuzi 42, ambamo bakteria wapendao asidi waliivunja pairiti na kuiachilia kobalti, kisha chokaa ikatumika kuituliza asidi. Lundo lililotia sumu hifadhi kwa miaka likaondoka, na kilicholiondoa, isemwe wazi, ni bei ya kobalti.

Kiwanda cha zinki cha Budel nchini Uholanzi kilionyesha upande wa pili tangu mwaka 1992, pale bakteria wanaovuta salfeti walipoanza kusafisha maji ya ardhini yaliyochafuliwa na kiwanda hicho, na salfidi ya zinki iliyokusanywa ikarudishwa katika uzalishaji. Hata urani, ambayo Shinkolobwe, jirani wa Likasi, iliitoa kwa ajili ya bomu la atomiki la Marekani, imekuta mdudu wake: mwaka 1991 Derek Lovley na wenzake walionyesha kwamba bakteria wanaweza kuigeuza urani iliyoyeyuka kuwa ile isiyoyeyuka.

Mahitaji ya kusafisha maji kwa bakteria wanaovuta salfeti si mageni Likasi. Mawe ya chokaa yapo Kakontwe, salfeti imejaa katika maji ya kiwanda, na samadi, unga wa mbao na machicha ya pombe vinaweza kuwa chakula cha bakteria. Kanuni za Madini za mwaka 2003 tayari zinamdai mwenye mgodi mpango wa mazingira. Wahandisi wa Likasi wapime kwanza, msimu wa kiangazi na msimu wa mvua, ni kilo ngapi za kobalti zinazopita Mto Panda kila siku, kwa maana hesabu hiyo ndiyo ambayo wenye viwanda wataisoma.