Kituo cha Halley na Miaka Thelathini ya Kupima Ozoni

Mnamo tarehe 16 Mei 1985, jarida la sayansi la Nature lilichapisha makala fupi ya wataalamu watatu wa Uingereza: Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin. Makala hiyo ilieleza kwamba juu ya kituo cha Halley, ukingoni mwa bara la Antaktika, kiasi cha ozoni kinachopimwa kila mwezi wa Oktoba kilikuwa kimepungua kwa takriban theluthi moja katika muda wa miaka kumi hivi. Tangu hapo habari hiyo imezoeleka kusimuliwa kana kwamba watu watatu waliinua macho siku moja wakaona tundu angani. Masimulizi hayo yanasahau jambo la msingi. Namba zilizochapishwa mwaka ule zilikuwa zao la kazi ya mikono iliyorudiwa siku baada ya siku tangu miaka ya hamsini, na wengi wa walioifanya hawatajwi katika kitabu chochote.

Kituo chenyewe kilianzishwa Januari 1956 na msafara wa Royal Society ya London, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ambao licha ya jina lake ulidumu miezi kumi na minane, kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958. Mataifa kumi na mawili yalifanya kazi Antaktika katika kipindi hicho. Ubelgiji, iliyokuwa bado ikiitawala Kongo, ilifungua kituo chake cha Mfalme Baudouin mwaka 1958 chini ya uongozi wa Gaston de Gerlache. Waingereza walichagua Bahari ya Weddell, kwenye latitudo ya nyuzi 75 kusini, wakakiita kituo chao kwa jina la Edmond Halley, mwanafalaki wa karne ya kumi na saba na ya kumi na nane.

Halley haikujengwa juu ya ardhi. Ilijengwa juu ya bamba kubwa la barafu linaloelea baharini, nalo husogea polepole kuelekea maji yasiyo na barafu. Kila mwaka theluji huongezeka kwa zaidi ya mita moja wala haiyeyuki. (Kiswahili kimepokea neno theluji kutoka Kiarabu na neno barafu kutoka Kiajemi, na katika Kiajemi neno hilo humaanisha theluji, hivyo msemaji wetu ana maneno mawili ya kutofautisha vitu ambavyo wengi wetu hatujapata kuvigusa, isipokuwa waliopanda Ruwenzori.) Nyumba ya kwanza ilifukiwa upesi, na wakazi wake wakawa wanaingia kwa ngazi kupitia shimo, kama wachimbaji wa madini, hadi uzito wa theluji ulipoanza kuiponda. Nyumba mpya zilijengwa mwaka 1967, 1973 na 1983, zote zikapatwa na yale yale. Ni nyumba ya tano tu iliyosimamishwa juu ya miguu ya chuma inayoweza kuinuliwa kila mwaka.

Humo waliishi wanaume wachache, wengi wao vijana, ambao kwa kawaida walikaa majira mawili ya baridi mfululizo. Meli ilifika mara moja kwa mwaka. Kwa zaidi ya siku mia moja jua halikuchomoza kabisa, na baridi iliweza kushuka hadi zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Maji ya kunywa na ya kupikia yalitoka katika tangi la kuyeyushia theluji, na tangi hilo lilijazwa kwa sepeto, hata siku ya dhoruba. Kila mtu, awe mwanafizikia au fundi wa injini, alikuwa na zamu yake ya kufagia, kuosha vyombo na kumsaidia mpishi. Hali ya hewa iliandikwa kila baada ya saa tatu, na puto lilirushwa kila siku. Kilichoogopwa kuliko baridi ni moto, maana nyumba ikiungua hakuna pa kukimbilia. Sikukuu kubwa ilikuwa tarehe 21 Juni, katikati ya giza, ambapo watu walipeana zawadi walizozitengeneza kwa mikono yao.

Kati ya kazi hizo, kupima ozoni hakukuwa na sifa ya pekee. Chombo kilichotumika kilibuniwa na G. M. B. Dobson wa Oxford katika miaka ya ishirini. Ozoni huzuia baadhi ya miali ya jua kuliko mingine. Chombo hulinganisha nguvu ya miali ya aina mbili, mmoja unaozuiwa sana na mwingine unaozuiwa kidogo. Mpimaji huzungusha kisahani mpaka sindano isimame kwenye sifuri, kisha huandika namba. Vipimo 300 vya Dobson maana yake ni kwamba ozoni yote iliyo juu ya kichwa, ikishushwa na kukusanywa chini, ingekuwa tabaka la milimita tatu tu. Chombo hakipendi baridi, hivyo kilibidi kuvikwa vizuri. Jua lilipopotea, mpimaji aliungoja mwezi.

Matokeo ya mwanzo kabisa yalimshangaza Dobson mwenyewe: wakati wa masika ya kusini, kiwango kilikuwa chini sana kuliko alivyotarajia kutokana na vipimo vya upande wa kaskazini, kisha kikapanda ghafla mwezi wa Novemba. Kwanza kilishukiwa chombo. Mwaka uliofuata ulileta namba zile zile, ikabainika kwamba ndivyo hewa ya kusini ilivyo. Kisa hiki kidogo kina uzito wake, kwa sababu kilitoa kipimo cha hali ya kawaida. Bila kujua Oktoba ya 1957 ilikuwaje, Oktoba ya 1984 isingemwambia mtu lolote.

Shanklin aliajiriwa na shirika la Uingereza la utafiti wa Antaktika mwaka 1977. Huko Cambridge alikuta karatasi za miaka mingi, zilizoandikwa kwa mkono, ambazo hazijaingizwa katika kompyuta. Kazi hiyo ya kikarani ndiyo iliyofungua mlango. Wakati huo watu walikuwa na wasiwasi juu ya makopo ya kupulizia manukato, kwani mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walikuwa wameonya kwamba gesi zake zingeweza kuharibu ozoni. Shanklin alitaka kuwaonyesha wananchi kwamba juu ya Halley hakuna kilichobadilika. Alipolinganisha namba, aliona kinyume chake: kila masika yalikuwa duni kuliko yaliyotangulia. Farman, mkubwa wake, hakukubali haraka. Chombo kilikuwa kikuukuu. Kililetwa kingine, nacho kikasema yale yale. Vipimo vya kituo cha visiwa vya Argentine, kilichoko mbali upande wa kaskazini-magharibi, vilionyesha upungufu pia, ingawa mdogo zaidi. Hapo ndipo Farman aliporidhika.

Haifai kusema kwamba wengine hawakuona kitu. Mjapani Shigeru Chubachi alipima ozoni ya chini mno katika kituo cha Syowa mwaka 1982, akaeleza matokeo yake katika mkutano huko Ugiriki mwaka 1984, lakini hakuwa na mfululizo mrefu ulioshikamanishwa namna ile, na wachache walimsikiliza. Satelaiti ya Marekani Nimbus 7, iliyorushwa mwaka 1978, ilipitia juu ya ncha ya kusini kila siku. Namba zake za chini ziliwekewa alama ya shaka zikangoja uchunguzi. Zilipochunguzwa upya, zilithibitisha habari ya Halley na kuonyesha kwamba upungufu ulienea juu ya bara zima. Chombo cha kuzungushwa kwa mkono kilitangulia satelaiti kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu waliozijua namba zake tangu zamani, wakajua wakati gani wa kushangaa.

Neno tundu, ambalo Kiswahili nacho kimelipokea, linapotosha kidogo. Hakuna mahali palipotoboka. Ni tabaka linalopungua unene kila masika ya kusini, kisha likajijaza tena. Chanzo chake kilifafanuliwa upesi. Mwaka 1986 msafara wa Wamarekani ulioongozwa na Susan Solomon ulipima huko McMurdo dalili za klorini iliyoamshwa na mawingu ya baridi kali ya juu angani. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi tarehe 16 Septemba 1987, na kufikia 2009 nchi zote za Umoja wa Mataifa, Kongo ikiwemo, zilikuwa zimeuridhia. Kwa mujibu wa tathmini ya kimataifa ya 2022, ozoni ya Antaktika yatarajiwa kurudia kiwango cha 1980 karibu mwaka 2066.

Farman alifariki mwaka 2013. Halley ya sita, iliyosimama juu ya miguu yenye matelezo mithili ya mtumbwi, ilikokotwa kilomita 23 ili kuukwepa ufa uliokuwa ukipanuka katika barafu, na tangu 2017 hakuna mtu anayelala humo wakati wa baridi. Mwezi wa Januari 2023 kipande kikubwa cha bamba lile kilikatika kikaelekea baharini. Katika miezi ya giza, umeme wa vipimo hutolewa na mtambo mdogo unaozunguka peke yake, na theluji ya tangi haichotwi na mtu yeyote.