Nasaba ya Nyanya Iliyovuliwa Uchotara

Miongoni mwa nyanya ndogo zilizopata sifa duniani, chache zimependwa na watunza bustani kama Sungold, chotara ya rangi ya machungwa iliyotolewa na kampuni ya Tokita ya Ujapani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo mbegu zake, mtu akizihifadhi na kuzipanda, huotesha miche isiyofanana, huu mtamu na ule mkali, na mingine hata yenye matunda mekundu. Wenye subira hawakukata tamaa. Walichagua mche ulio bora, wakapanda mbegu zake, wakachagua tena, msimu baada ya msimu. Kanuni waliyoitegemea aliidhihirisha Gregor Mendel, mtawa wa Brno, katika risala yake ya 1866: kwa kuwa ua la nyanya aghalabu hujichavusha lenyewe, kila kizazi hupunguza kwa nusu mchanganyiko wa urithi, hata kufikia kizazi cha sita husalia wastani wa asilimia 3 tu, na katika cha nane haitimii hata 1.

Lakini sifa hazitulii kwa mwendo mmoja. Rangi ya manjano, iliyo dhaifu mbele ya nyekundu, ikishajitokeza imetulia. Nyekundu yaweza kuificha manjano vizazi kadhaa. Na utamu, unaotokana na urithi mwingi pamoja, ndio mgumu kuliko yote kuudhibiti. Kwa hiyo naona ni haki kila nasaba mpya ipewe jina lake yenyewe, wala isiuzwe kwa jina la Sungold.