Kigango Hakijichongi

Wagiriama wa Kilifi na Malindi walijua zamani namna ya kuishi na mtu wa mikogo: walimtoza. Mwanamume aliyetaka jina aliingia Gohu, chama cha wenye heshima, na kiingilio hakikuwa maneno matupu. Ilimpasa kuwakirimu wanachama wenzake kwa nyama na tembo la mnazi. Madaha yaliruhusiwa, ila yalikuwa na bei, na mlipaji alikuwa mwenye madaha. Rafiki wa siku hizi ambaye kila mazungumzo huyarudisha kwake, na hata tanga la mwenzake hulifanya ulingo wa vituko vyake, ameugeuza mpango huo: yeye apata sifa, gharama waibeba watazamaji.

Gohu ilikuwa na kizuizi cha pili. Mwanachama akifa, aliweza kusimamishiwa kigango, nguzo ya mti mgumu iliyonakshiwa kwa pembetatu na kufungwa vitambaa. Lakini kigango hakikuchongwa na mwenyewe. Jamaa zake ndio waliomwita fundi, mara nyingi baada ya marehemu kuwajia ndotoni au balaa kuingia nyumbani. Umaarufu wake uliishia mikononi mwa wengine.

Mtu atasema Gohu nayo ilikuwa kiburi cha wenye mali, kwa kuwa maskini hakuwa na cha kuchinja. Ni kweli, na marehemu wa kawaida aliwekewa koma tu, kigingi kidogo. Hata hivyo, kiburi kinacholisha watu si sawa na kiburi kinachowala. Mwingine atasema vituko ni maumbile, haifai kumhukumu mtu kwa tabia aliyozaliwa nayo. Mizani ya Gohu haiulizi kama vituko ni vya kweli au vya kuigiza. Yauliza vinamfaa nani. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Huo nao ulikuwa uigizaji mbele ya kadamnasi, lakini aliutumia kuwaunganisha Wagiriama dhidi ya kodi na kazi za lazima za Waingereza, na malipo yake yakawa kukamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Kwa hiyo rafiki wa namna hii hana haja ya kusutwa wala kuchunguzwa moyo. Atozwe. Aombwe kubeba maji msibani, asikilize bila kudakia, agharamie chakula cha wenzake. Akikubali, vituko vyake vyavumilika. Akikataa, apunguziwe watazamaji.