Tarehe ya Kilbarchan, Kijiji cha Wafumaji na Wapanda Treni

Vijiji vinavyouzunguka mji wa Glasgow, huko Uskoti, vina sifa moja mbaya: husemwa kuwa ni vya kulala tu. Asubuhi watu hushika njia kwenda kazini mjini, jioni hurudi na kufunga milango. Kilbarchan, kijiji cha watu wapatao 3,500 katika eneo la Renfrewshire, yapata kilomita 20 magharibi ya Glasgow, hakikusalimika na lawama hiyo. Wanaokilaumu hudai kwamba zamani kilikuwa na kazi yake, kikala jasho lake, na leo kimebaki kuunyonya mji. Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo wasemavyo. Tarehe ya kijiji chenyewe haikubaliani nao. Tangu kilipoanza kujulikana, Kilbarchan kimekula kwa fedha iliyotoka nje ya mipaka yake, na bei ya jasho lake imepangwa na watu wasiokaa pale. Kilichobadilika ni kinachosafiri: zamani ilisafiri nguo, leo anasafiri mtu.

Shahidi wa kwanza ni nyumba iitwayo Weaver's Cottage, inayotunzwa na shirika la National Trust for Scotland. Juu ya mlango wake umechongwa mwaka 1723. Chumba cha kufumia kiko chini, na sakafu yake ni udongo mtupu. Udongo ule haukuachwa kwa sababu ya ufukara. Unyevunyevu wake uliuzuia uzi wa kitani usikauke ukakatika. Mfumaji alitanda nyuzi za mtande, akaketi kwenye ubao, akakanyaga vikanyagio ili nyuzi zifunguke, kisha akapitisha mshindio kushoto na kulia, mchana kutwa. Mkewe na watoto walikuwa pembeni wakimkunjia uzi. Kufikia miaka ya 1830 kijiji kilikuwa na vitanda vya mfumi vipatavyo 800, na mlio wake ulisikika kila mtaa. Ukiishia hapo utaona kijiji kilichojitosheleza. Lakini uliza uzi ulitoka wapi, nguo ilikwenda wapi. Pamba ilivuka bahari kutoka Karibi na Marekani, hariri ilitoka Asia, na mawakala wa matajiri wa Paisley na Glasgow ndio waliogawa uzi na kuipokea nguo iliyokwisha. Malipo yalipangwa mjini, si katika chumba chenye sakafu ya udongo.

Paisley yenyewe, iliyo umbali mfupi upande wa mashariki, inaonyesha jinsi utegemezi huo ulivyokwenda mbali. Katika karne ya 19 mji ule ulijipatia jina kwa shali zilizoigwa kutoka Kashmir, zenye lile umbo la tone lililopinda ambalo wavaaji wa kanga wa pwani yetu wanalifahamu kwa jina la korosho. Umbo si la Uskoti wala si la Uswahilini. Lilitoka Uajemi na India likaenea pamoja na biashara. Shali zilivuma kwa miongo kadhaa, kisha kufikia miaka ya 1870 mitindo ya magauni ya wanawake ikabadilika na soko likafa. Wafumaji hawakuwa wamepoteza ustadi wao hata chembe. Waliokuwa wamechoka na shali ni wateja wa mbali, na hilo likatosha. Wenye ardhi nao walitegemea fedha ya mbali vivyo hivyo. Mnamo 1733 James Milliken, aliyetajirikia visiwa vya Nevis na St Kitts kwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa wa Kiafrika, alinunua ardhi ya jirani na kuipa jina lake. Kituo cha treni ambacho wakazi wa Kilbarchan hukitumia leo kinaitwa Milliken Park. Abiria anayesoma kibao hicho asubuhi anasoma jina lililonunuliwa kwa sukari ya Karibi.

Yupo atakayejibu kwamba mfumaji, hata kama uzi haukuwa wake, alikuwa bwana wa saa zake: alianza atakapo, akapumzika atakapo, akasoma, akabishana siasa na jirani yake. Jibu hilo lina ukweli. Wafumaji wa magharibi mwa Uskoti walisifika kwa kusoma na kwa msimamo, na mgomo mkubwa wa Aprili 1820, uliodai haki ya kupiga kura na kuishia kwa watu kunyongwa, ulikuwa na wafumaji wengi mstari wa mbele. Ila mtu aliyetosheka hagomi. Ujira wa kufuma kwa mkono ulikuwa umeporomoka tangu kumalizika vita vya Napoleon, na saa alizozimiliki mfumaji ziligeuka kuwa saa nyingi zaidi kwenye kitanda cha mfumi ili apate kile kile. Uhuru wa kupanga saa bila uwezo wa kupanga bei ni nusu ya uhuru, na mfanyakazi wa ofisini wa leo anaujua upungufu huo kwa upande wake wa pili.

Wala safari ya kwenda kazini haikuanza na magari. Johnstone, mji jirani, ulipata kiwanda kikubwa cha kusokota pamba mwaka 1782, na watu wakaanza kuufuata ujira nje ya nyumba zao. Reli ya kutoka Glasgow kwenda Ayr ilipita karibu mwaka 1840. Kilbarchan chenyewe kilipata kituo mwaka 1905, kikafungwa 1966, na njia ile ya reli sasa hupitiwa na baiskeli. Milliken Park ilifunguliwa upya 1989, na kutoka pale safari hadi kituo cha Glasgow Central haifiki nusu saa. Kati ya 1963 na 1981 wengi wa eneo hili walitegemea kiwanda cha magari cha Linwood, kilichounda gari la Hillman Imp, nacho kikafungwa kwa uamuzi uliofanywa mbali. Hata mwana mashuhuri wa kijiji alipata jina nje yake: Mary Barbour, binti wa mfumaji wa mazulia, alizaliwa Kilbarchan 1875, na mwaka 1915 akaongoza wanawake wa Govan, mjini Glasgow, kugomea kupandishwa kwa kodi za nyumba, hadi Bunge likapitisha sheria ya kuzizuia.

Pingamizi la mwisho ndilo zito. Husemwa kwamba sanamu ya Habbie Simpson, mpiga zumari wa kale, iliyo kwenye mnara wa kijiji, na sikukuu ya Lilias Day ya Jumamosi ya kwanza ya Juni, sasa ni mapambo ya kupandishia bei ya nyumba. Na ni kweli kuna kilichopotea: mchana. Wafumaji walikutana saa za kazi. Wapanda treni hukutana kwa kupanga. Lakini sikukuu hufanywa na watu walioamua kuifanya, na anayerudi jioni akatoa muda wake kwa kijiji hajakitelekeza. Mwenye kutaka kukihukumu Kilbarchan kwa haki asipime ni wangapi wanaotoka asubuhi. Apime iwapo wakazi wana kauli juu ya nauli, kodi na kazi wanazozifuata, kwa kuwa hayo ndiyo wafumaji wa 1820 waliyoyakosa, na ndiyo Mary Barbour aliyoyapigania miaka 95 baadaye.